Aketi Kwanza
Dominika ya 23 ya Mwaka C (Lk 14:25-33)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ina maneno makali, na mengi wetu tukiyasikia tungependa yapite upesi. Bwana anawageukia makutano wanaomfuata na kuwaambia habari ya kuwaacha baba na mama, mke na watoto, naam, hata nafsi ya mtu mwenyewe. Kisha, katikati ya ukali huo, anazungumza kama fundi mwashi. Anamtaja mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, asema Bwana, huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, na wapita njia wakamcheka.

Sisi wa Mpanda hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Tangu mji wetu ulipokuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012, watafutao viwanja na nyumba wameongezeka, na misingi isiyo na kuta nayo imeongezeka. Nyasi huota ndani, mbuzi hulala humo, na jirani akielekeza njia husema, "Ukifika kwenye pagale la fulani, pinda kushoto."

Nawaombeni leo nizungumzie kitenzi kimoja tu katika Injili hiyo: kuketi.

Miaka michache iliyopita niliwafungisha ndoa vijana wawili. Mume alikuwa fundi seremala, mke alikuwa na cherehani yake. Walipanga chumba kimoja Makanyagio, na mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wakachoka. Wakaniambia wanatafuta mahali pao wenyewe: nyumba, ekari mbili za mahindi, kuku, mizinga ya nyuki, na bustani ya mboga. "Baba," akasema yule kijana, "tunataka tufike mahali ambapo hatutamgongea mtu mlango." Niliwasifu. Nani asingewasifu vijana wanaotaka kula jasho lao?

Ilikuwa Septemba, kama sasa. Wakaniomba niwasindikize, maana dalali, walisema, humwogopa padre kidogo. (Sikuona dalili yoyote ya woga huo.) Tulianza na nyumba moja upande wa Nsemulwa, yenye bati jipya na rangi mbichi. Dalali alituharakisha kana kwamba nyumba ilikuwa inaondoka na treni ya Kaliua. Bei yake ilimeza akiba yote na kudai zaidi. Tukaaga.

Siku ya pili tulitoka nje ya mji, tukapita mashamba, tukafika mahali penye mwembe mkubwa, nyumba ya tofali za kuchoma na ekari zile mbili walizoziota. Hakukuwa na jirani karibu. Palikuwa kimya, upepo ulikuwa unavuma kutoka miombo, na yule kijana alisimama chini ya mwembe akawa anaonyesha kwa kidole: hapa banda, pale mizinga, kule bustani. Hesabu yote aliipiga pale pale, amesimama. Mbegu kiasi fulani, misumari kiasi fulani, bati mbili za kuziba pembeni. Nami nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Nakiri mbele yenu kwamba nilimwambia, "Mwanangu, Mungu amekuonyesha."

Mkewe hakusema neno. Aliondoka polepole akaenda kutafuta kisima.

Ndugu zangu, Septemba katika nchi yetu ni mwezi wa ajabu kwa mtafuta nyumba. Paa lolote huonekana zima, kwa sababu mvua haijaonja. Lakini kisima hakiwezi kujificha. Yule mama alimkuta bibi mmoja akikinga maji kwa kata, akamwamkia, akaketi naye. Bibi akamweleza kwamba ifikapo Oktoba kisima kile hubaki tope, na akina mama huenda usiku wa manane kusubiri ndoo moja moja. Akahesabu: nyumba ya watu wawili, kuku, bustani ile iliyoonyeshwa kwa kidole. Ndoo ngapi kwa siku? Safari ngapi? Na kichwa cha nani? Akauliza pia zahanati iko wapi. Alikuwa na sababu ya kuuliza, ila sababu hiyo alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe.

Wakati huo huo muuzaji alikuwa ameshatoa karatasi ya daftari. Alitaka jina la mume, fedha taslimu na mashahidi wawili, basi. Halmashauri ya kijiji haikutajwa, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka iridhie ardhi ya kijiji inapohamishwa mkononi mwa mtu. Na jina la mke halikutajwa. Alipouliza, mumewe alijibu kwa upole kabisa, "Si ni yetu sote?" Naye akasema, "Kama ni yetu sote, kwa nini jina ni moja?"

Walirudi mjini kimya. Juma lile zima mke alilala kwa shangazi yake, na mimi niliyesema Mungu ameonyesha sikulala vizuri.

Hebu tutazame tena Injili. Bwana hakusema mjenzi akae peke yake. Lakini mara nyingi sisi wanaume husoma hivyo: mmoja aketi, mmoja ahesabu, mwingine abebe. Hesabu ya yule kijana haikuwa ya uongo, kila shilingi ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa pili mezani. Hata sheria ya nchi inalijua jambo hili: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa kuuza kwahitaji vinywa viwili, kununua je? Makatekista, mnapowaandaa wachumba, nawaombeni siku moja muwaachie karatasi tupu na kalamu mbili. Msiwafundishe kitu siku hiyo.

Bado liko neno la kujitegemea. Ni neno zuri, nasi tumelelewa nalo. Lakini kumbukeni kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitamka pamoja na ndugu yake: Ujamaa na Kujitegemea. Siku hizi tumemzika mmoja, tukabaki na mwingine akiwa yatima.

Tazameni Mishamo, hapa hapa mkoani kwetu. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Makazi ya Katumba yalitangulia. Familia zilipewa ardhi ya msitu, zikaikata, zikalima, na kufikia mwaka 1985 makazi ya Mishamo yakakabidhiwa Serikali, kwa kuwa watu walikuwa wanajilisha wenyewe. Kuanzia mwaka 2014 wengi wao wakakabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Nani atakana kwamba watu hawa walijitegemea? Hata hivyo walianza kwa chakula cha msaada mpaka mavuno yalipopatikana. Majembe na mbegu vilitoka kwa wengine. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa na shirika la Kikristo la TCRS yalikuwa pamoja nao, na Serikali ilitoa ardhi. Walisimama kwa miguu yao baada ya kushikwa mkono, wala hawakuona haya kushikwa.

Ndiyo maana Bwana anamalizia pale ambapo hatukutazamia. Baada ya kutuambia tuhesabu tulicho nacho, anasema asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mfuasi wake. Je, anajipinga? Hapana. Mwenye kuhesabu kwa kweli, akiwa ameketi, hufika mwisho wa karatasi akaona kwamba hana vya kutosha kusimama peke yake. Hapo ndipo huachia. Yule kijana alipaswa kuachia mwembe wake.

Walikuja kwangu jioni moja baada ya juma lile, wote wawili, na daftari. Mume alikuwa ameandika fedha. Mke alikuwa ameandika maji, kilomita za kufika zahanati, na chini kabisa mwezi wa kujifungua. Mume alikuwa ameusoma mwezi ule nyumbani kwa shangazi, na alivyoniambia bado sauti yake haikuwa imara.

Wakanunua pagale, lenye msingi na kuta zilizofika kwenye linta, kando ya bomba linalotumiwa na nyumba nyingi. Majina mawili katika hati. Mahindi walilima shamba la kukodi. Kwa bati, fedha ilitosha chumba kimoja tu. Tofali zilizobaki zilibebwa na wanajumuiya ndogo ndogo ya pale, Jumamosi mbili, na yule kijana ambaye hakutaka kugonga mlango wa mtu aligonga milango kumi na minne kuwaomba.

Mwishoni mwa Oktoba niliwauliza ni lini nije kuibariki nyumba. Mume alitaka Dominika iliyofuata. Mke akacheka, akasema, "Baba, subiri mvua ya kwanza inyeshe, tuone kwanza panapovuja."

Tumsifu Yesu Kristo.