Mkutano Wetu: Tuuandae Wenyewe au Tuajiri Kampuni?

(Mazungumzo mbele ya waumini, Murusagamba, wilayani Ngara)

 



Jambo nililotakiwa kulizungumzia si geni kwenu. Limejadiliwa barazani tangu kamati ilipotangaza mkutano wa mwaka wa jumuiya ya misikiti yetu. Wako ndugu waliopendekeza kwamba maandalizi yote, kuanzia mahema na chakula hadi ratiba, mialiko na upokeaji wa michango, yakabidhiwe kampuni ya kuandaa shughuli kutoka Mwanza. Wako pia waliolipinga pendekezo hilo kwa ukali, wakidai kwamba kumlipa mtu kwa jambo la dini ni kuiuza dini.

Hawa wa pili niwajibu kwanza, kwani hoja yao ndiyo nyepesi. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka pamoja na Abubakar (r.a.), walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Mtu huyo wakati ule alikuwa katika dini ya Maquraishi. Walimkabidhi ngamia wao wawili na wakaagana naye awafikie katika pango la Thaur baada ya masiku matatu. Safari kubwa kuliko zote katika tarehe yetu iliongozwa na mtu wa kulipwa, kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu kwa ahadi yake. Imam Bukhari ameipokea habari hiyo na kuiweka katika mlango wa ijara.

Lakini tazameni vizuri ni kitu gani kilichokodiwa. Chakula kilitayarishwa na Asmaa bint Abubakar, aliyeupasua mshipi wake ili afungie masurufu. Habari za mji zililetwa na kaka yake, Abdullah. Maziwa yaliletwa na Aamir bin Fuhayra pamoja na kondoo wake. Uamuzi wa kuondoka, siku ya kuondoka na siri ya pango vilibaki kwa wenyewe. Yule mwongozaji alipewa njia peke yake, kwa sababu njia ndiyo waliyohitaji mjuzi wake. Mimi sioni kipimo bora kuliko hiki kwa kamati yetu: tukodi kile ambacho kwetu hakuna anayekijua au hakuna mwenye nafasi ya kukifanya, na kilichobaki kikae mikononi mwetu.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa nawaomba kina baba wanivumilie. Tunasema mapishi yetu ni ya bure kwa kuwa yanafanywa kwa kujitolea. Mkutano huchukua siku tatu. Mama zetu huamka kabla ya alfajiri, humenya ndizi, huchagua maharage, huchota maji na kuchochea kuni, na wageni wanapoondoka wao ndio huosha masufuria. Mwanamke aliyechangia fedha yake ili aje kujifunza hurudi nyumbani hajasikia darsa hata moja. Basi hilo si la bure. Limelipwa, na aliyelipa ni yeye. Wako wanaotoa mfano wa mkusanyiko wa Jamaat Tabligh pale Tongi, karibu na Dhaka, ambako mamilioni hukusanyika na mahema ya mianzi husimamishwa na watu wa kujitolea. Ni mfano mzuri wa ikhlasi, lakini hapo mzigo umegawanywa kwa maelfu ya watu. Sisi tunawatwisha wanawake kumi na wawili. Kwa hiyo kama kuna kazi inayostahiki kulipiwa mwaka huu, naona ni jikoni.

Ratiba ni habari nyingine kabisa. Nani azungumze, juu ya nini, na kwa lugha ipi ili bibi wa Kishubi naye aelewe, hilo kampuni ya Mwanza italijuaje? Likiachwa kwao watatuletea wazungumzaji wanaopatikana kwa simu. Allah (s.w.) ameifanya shura kuwa miongoni mwa sifa za waumini, na shura haina mkandarasi.

Tena iko fedha. Ziko kampuni zinazotaka malipo kwa asilimia ya matumizi yote. Mafakihi wameweka sharti kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane, ili pasiwe na gharari. Lakini hata asilimia ikitajwa wazi, ipimeni athari yake. Tuseme matumizi ni shilingi 10,000,000 na ujira ni asilimia 15, yaani 1,500,000. Kampuni ikihangaika kutafuta mchele na magari ya bei nafuu hata ikatuokolea 2,000,000, ujira wake unashuka hadi 1,200,000. Tumemwadhibu kwa uaminifu wake! Na ikiwa imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, juu ya ujira ule wa kwanza, kwa kiwango cha kawaida, huongezwa asilimia 18, ambayo ni 270,000, na jumuiya isiyofanya biashara hairejeshewi fedha hiyo. Ujira uwe wa kiasi maalum, uandikwe, na sehemu yake ilipwe kazi ikikamilika.

Aidha kuna zawadi ambazo wenye mahema na wenye magari humpa aliyewaletea mteja. Mnaikumbuka habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema, hii ni yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza, kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Basi mkataba utamke kwamba kila punguzo na kila bakhshishi ni mali ya jumuiya. Sharti hilo limfunge pia mjumbe wetu wa kamati, maana tumezoea kumchunguza mgeni tukamwacha wa kwetu.

Sisi wa Ngara tumeshaona kazi kubwa ikigawanywa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Katika kambi ya Benaco, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa halikufanya kila kitu kwa mikono yake. Maji yalishughulikiwa na Oxfam, na kazi nyingine zikashikwa na mashirika mengine. Hata hivyo, mambo yalipoharibika, lililoulizwa kwanza ni lile shirika la wakimbizi. Nasi mchangiaji aliyeuza debe la maharage hatakwenda Mwanza kuuliza hesabu. Atauliza hapa, mlangoni mwa msikiti.

Kwa hiyo rai yangu kwa kamati ni hii. Michango ipokelewe na watu wetu wawili kwa stakabadhi, na ratiba ipangwe na walimu pamoja na wawakilishi wa kina mama. Mahema, vipaza sauti na jenereta vitafutiwe bei tatu za maandishi, ya Mwanza ikiwa mojawapo. Ama chakula, waulizwe kwanza mama lishe wa Murusagamba na Rulenge kabla barua yoyote haijapelekwa mjini, na wapewe malipo ya awali ya kununulia vyakula, kwani hawana mtaji wa kutukopesha siku tatu. Kamati inakutana Jumamosi baada ya Alasiri, na mwenye bei mkononi aje nayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.