Ulinzi wa Nzige katika Mbuga za Rukwa

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kamsamba)



Mmenitaka nizungumze juu ya kinga ya mazao kabla hayajafika ghalani. Nimechagua jambo lenye umri mkubwa kuliko vyama vyetu vingi, nalo ni ulinzi wa nzige wekundu katika mbuga zilizo chini yetu hapa, jinsi ulivyoanza na jinsi ulivyodhoofika.

Huko Marekani, baada ya moto mkubwa wa mwaka 1910, ilijengwa minara maelfu katika misitu ya milimani. Juu ya mnara aliketi mtu mmoja kiangazi chote, kazi yake kutazama moshi tu. Bonde letu lilikuwa na kazi ya namna hiyo hiyo, ila walinzi wetu walitazama chini, kwenye majani.

Mnamo mwaka 1930 hivi, makundi ya nzige wekundu yaliruka kutoka mbuga za Rukwa na za Mweru wa Ntipa, ambazo leo zimo Zambia, yakaenea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta. Balaa hilo lilidumu hadi mwaka 1944. Nzige mzima hula kila siku chakula chenye uzito sawa na wake mwenyewe, na kundi laweza kusafiri kilomita 20 au 30 kwa siku. Hesabuni wenyewe ni siku ngapi kutoka ziwani hadi shamba lako la mtama.

Wataalamu walitambua kwamba nzige huyu ana makazi machache ya kuzaliana, na kwamba akiwa mpweke hana madhara makubwa; wakisongamana ndipo hubadilika tabia na kuruka kwa makundi. Basi ikaonekana ni nafuu kuwalinda palepale penye chimbuko. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake makuu yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Watumishi wake walitembea mbugani wakihesabu nzige katika majani, wakitia sumu penye tunutu wengi, na baadaye ndege zikatumika kunyunyiza dawa. Mmoja wa wataalamu wao, Vesey-FitzGerald, alichunguza nyasi za bonde hili kwa miaka mingi.

Hapa moto waingia tena katika habari yetu. Nzige wekundu hupita kiangazi chote bila kutaga. Mbuga ikichomwa mwishoni mwa kiangazi, hukimbilia vipande vichache visivyoungua na kusongamana humo. Na mvua za kwanza zikinyesha, udongo ulioachwa wazi na moto huo huwa mahali pazuri pa kutagia. Anayewasha mbuga mwezi wa Oktoba ili apate majani mabichi ya ng'ombe huenda anawaandalia nzige kitanda.

Tangu mwaka 1944 halijatokea tena balaa kubwa la nzige wekundu lililoenea namna ile. Ni sifa kubwa kwa walinzi wale, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowaponza. Katika mahesabu niliyozoea kuyasoma, fungu linalopunguzwa upesi ni lile lililozuia hasara isitokee, kwa kuwa hasara isiyotokea haina hati ya malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ikachukuliwa na shirika jipya la nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati na ya Kusini, lenye makao Ndola. Baadhi ya nchi zilijitoa, nyingine zikachelewesha michango, na ndege haziruki kwa ahadi.

Mwaka 2009 nzige waliongezeka tena Iku Katavi, mbuga za Rukwa na bonde la Malagarasi. Kwa msaada wa FAO, eneo la hekta 10,000 hivi lilinyunyizwa dawa iliyotokana na ukungu unaoua nzige, na hatari ikazuiwa. Wenzetu wa Kenya walipata somo gumu zaidi mwaka 2020, kwa nzige wa jangwani, ambao ni aina nyingine.

Nani basi anaiona mbuga kila wiki? Ni mchungaji, mvuvi, na mkulima wa mpunga wa mabonde ya Momba, wengi wao wakiwa wanachama wenu. Napendekeza kila chama kiwe na daftari la nzige. Mayai hutagwa mvua zianzapo, na huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi, mwanachama akiona tunutu, katibu aandike tarehe, jina la mahali, kama wametawanyika au wako kundi, rangi yao, na kama majani ya hapo yalichomwa. Siku hiyo hiyo habari ifikishwe kwa Afisa Kilimo wa Kata. Wasipoonekana, iandikwe pia kwamba hawakuonekana, maana ukurasa mtupu haumwambii mtaalamu kitu.

Gharama ya daftari zijadiliwe na bodi zenu. Mimi nitaliulizia nitakapokuja kukagua, pamoja na daftari la fedha na la ghala.