Angella Okutoyi, Bingwa wa Tenisi: Hotuba ya Mahafali, Arusha

Angella Okutoyi alizaliwa Nairobi tarehe 29 Januari 2004, pamoja na pacha wake Roselida Asumwa. Mama yao alifariki baada ya kujifungua, bibi akawalea. Mapacha wote wawili walishika raketi wangali wadogo, na baadaye Angella alipata nafasi katika kituo cha mafunzo ya tenisi cha Bujumbura.

Wahitimu waliosomea chini ya Mlima Meru wanaielewa hewa aliyokulia. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Nairobi kama 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo mpira huenda kasi na kudunda juu. Pigo ambalo Tanga lingetua ndani ya mstari, huku hutoka nje. Ndiyo maana kanuni za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. London, kunakochezwa Wimbledon, mambo ni kinyume: hewa nzito, na mpira unateleza chinichini juu ya nyasi. Viwanja vya nyasi Afrika Mashariki ni vya kutafuta kwa tochi.

Januari 2022, kwenye mashindano ya vijana ya Australian Open, Okutoyi alimshinda Federica Urgesi wa Italia, kisha Zara Larke wa Australia, akatolewa raundi ya tatu. Julai alikuwa Wimbledon, kwenye mashindano ya vijana vilevile, akicheza wawili wawili na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali waliwakuta Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza waliipoteza 3-6, ya pili wakashinda 6-4. Ya tatu ikaamuliwa kwa pointi kumi, sharti kuzidi kwa mbili: 11-9. Maana yake walikuwa sare 9-9, kisha wakachukua pointi mbili mfululizo. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla yake.

Uzito wa fainali ile umeonekana zaidi baadaye. Agosti 2025, mjini Montreal, Mboko huyohuyo alimshinda Naomi Osaka wa Japani, mwenye mataji manne ya Grand Slam.

Okutoyi alichagua Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: mchezaji wa kulipwa asiye na mfadhili hujilipia nauli, hoteli na kocha, ilhali chuo kinampa kocha, viwanja na shahada. Gharama yake ni kwamba mechi za chuo hazileti pointi za viwango vya dunia. Machi 2024 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika jijini Accra. Dhahabu hiyo ingemfikisha Olimpiki ya Paris kama angekuwa ndani ya wachezaji 400 bora duniani, lakini hakuwamo.