Qadari Si Kisingizio



Ndugu zangu vijana, mwaka wangu wa kwanza chuoni nilianguka mtihani. Nikampigia mama simu: "Mama, ni qadari ya Allah." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na kulala mpaka saa nne asubuhi, mwanangu, nani alikulaza?" Sikuwa na jawabu.

Wengi wetu tuko hivyo. Tukifaulu, ni bidii zetu, tukikosea, imeandikwa.

Karibu mwaka 18 Hijria, Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa mbele kuna tauni. Akataka ushauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kwenda kwenye qadari ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia na bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho, mwingine mkavu. Popote atakapowalisha ni kwa qadari. Lakini je, mchunga mwenye akili atawapeleka wapi?

Sasa jiangalie wewe. Adhuhuri ya Ramadhan, uko peke yako jikoni, maji baridi mbele yako, na hunywi. Nani amekushika mkono? Nafsi iliyoweza kuacha maji ya halali, vipi ishindwe kuacha haramu?

Allah (S.W.T.) anajua tutakalochagua, lakini hakutulazimisha.

Mtihani ule niliurudia. Safari hii niliamka, nikasoma, ndipo nikaomba dua.

Ramadhan Mubarak. Wabillahi tawfiq.