Bandari ya Kobe Baada ya Tetemeko la Nchi



Nimepewa kazi ya kunena habari ya kujenga upya kilichobomoka. Labda mlitazamia ninene habari za majengo yetu. Walakini nimechagua bandari, maana mimi ni mtoto wa kando ya ziwa, na tangu utoto najua ya kuwa mji usio na gati huweza kulala njaa hali chakula kimo chomboni.

Katika nchi ya Japani uko mji, jina lake Kobe, umebanwa kati ya milima na bahari. Watu wake walipokosa nafasi walichimba milima, wakamwaga udongo baharini, wakafanya visiwa viwili, ndivyo Port Island na Rokko Island. Juu yake wakajenga magati ya makontena, yaani makasha makubwa ya chuma. Mwaka 1994 bandari ile ilikuwa ya sita duniani kwa wingi wa makasha hayo.

Hata tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, nchi ikatetemeka. Mtikisiko mkubwa haukufika dakika moja, nao watu zaidi ya 6,400 wakafa. Huko bandarini udongo ule wa kumwagwa, kwa kuwa umejaa maji, ukalegea kama uji. Kuta za magati zilikuwa masanduku makubwa mno ya zege, yaliyokalishwa juu ya mchanga. Zikasukumwa kuelekea baharini, pengine hata mita 5, zikainama. Mitambo ya kuinulia shehena ikapinda miguu.

Barabara kuu ilianguka, na reli zikakatika. Basi bahari ikawa njia, na vyombo vikavusha watu na vyakula. Lakini vyombo vikubwa vifunge wapi? Katika gati la Maya palikuwa na sehemu 3 zilizojengwa mapema kwa nguvu ya kushindana na tetemeko, nazo karibu hazikudhurika. Walimu, habari hii wasimulieni watoto polepole. Mimi nawaza mtunza hesabu mmoja, siku zile za kujenga, akiuliza zege yote hii ya nini.

Kazi ya kutengeneza ilichukua miaka 2. Hawakurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mahali pengine walijenga ukuta mpya mbele ya ule ulioinama. Machi 1997 magati yalikuwa tayari.

Hapa ndipo panaponiuma. Katika miaka ile meli zilikwenda Busan, katika Korea Kusini, na bandari nyingine, na nyingi hazikurudi. Nahodha aliyekwisha kuzoea kituo kingine hatarudi kwa sababu zege imekauka. Kobe haikupata tena nafasi yake ya sita, ijapokuwa ilijengwa vema kuliko mwanzo. Mpagazi wa bandarini aliyengoja miaka 2 ili arudi kazini, alirudi akakuta gati zima na meli chache.

Tena wenyeji waliacha mita 60 za gati la zamani bila kuzitengeneza, katika bustani iitwayo Meriken. Sakafu yake imepasuka, maji yameingia kati ya mawe, na nguzo za taa zimeinama vilevile kama zilivyokutwa asubuhi ile.