Mafunzo ya Awali ya Kompyuta kwa Wanachuo: Maelezo kwa Mkutano wa Wakazi wa Kata



Mwanachuo wa mwaka wa kwanza huingia darasani akiwa na simu janja mfukoni, na wengi hudhani kwamba aijuaye simu anaijua kompyuta. Sivyo. Simu huhifadhi picha bila kumuuliza mwenyewe aiweke wapi, na nywila huikumbuka yenyewe. Mbele ya kompyuta kijana huyohuyo huulizwa faili aliipa jina gani, aliiweka katika folda ipi, naye hukwama.

Desturi ya kuifundisha kompyuta ubaoni ina historia. Serikali ya Tanzania ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965, katika hazina yake. Mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku, na vizazi kadhaa vya walimu vikapita vyuoni bila kuzigusa. Leo mashine zipo, japo chache, lakini bado majuma ya mwanzo huishia katika kukariri majina ya sehemu zake. Mwanafunzi huichora kompyuta vizuri daftarini, asijue kuizima.

Somo la kwanza lafaa liwe kuandika barua fupi, kuihifadhi, kuifunga, na kuitafuta tena kesho yake. Huko kuitafuta ndiko kujifunza. Penye mashine moja kwa wanafunzi wanne, mkufunzi hana budi kugawa zamu kwa saa, la sivyo mwepesi mmoja hushika kipanya kipindi kizima na wenzake wakabaki watazamaji. (Umeme ukikatika, hapo ubao una kazi yake.) Kiswahili nacho kisionewe haya: tangu mwaka 2004 kulikuwapo Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye amri za Kiswahili, iliyotayarishwa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jambo linalozigusa kaya nyingi, hata hivyo, ni nywila. Mkopo wa elimu ya juu huombwa mtandaoni, na ajira nyingi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal. Vijana wengi hujaziwa fomu hizo steshenari. Mhudumu humfungulia kijana barua pepe, na nywila hubaki kwake. Siku ya kurekebisha maombi, mhudumu yule amehama, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Wahudumu hao hawastahili lawama, kwa kuwa wamewafaa watu wengi. Lakini mwanachuo anayemaliza muhula bila kuweza kufungua barua pepe yake mwenyewe hajafundishwa kompyuta, hata kama mtihani ameufaulu.

Likizo ijayo, mzazi amwombe mwanawe afungue barua pepe yake, aambatishe faili aliyoiandika mwenyewe, na aitume. Akishindwa, arudi chuoni amwambie mkufunzi mapema, kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa.