Anayetaka kura ya Reuben aje ajibu

Kwenye uchaguzi wa urais Kenya mwaka 2022, kura 233,211 tu ndizo zilizowatenganisha William Ruto na Raila Odinga, kati ya zaidi ya milioni 14. Kutoka siku ya kura, Agosti 9, hadi matokeo kutangazwa Agosti 15, mtaa wetu wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, ulikaa roho mkononi: kibarua wa Industrial Area hajui kama kesho kuna kazi, mama mboga hajui kama afungue kibanda. Hofu hiyo ni halali kabisa. Ila isitufunge mdomo. Kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Julai 26, kabla ya kura hiyo, Ruto alisimama peke yake, Raila hakufika. Wapiga kura wakakosa kuwapima ana kwa ana. Mwaka 2027, mgombea aeleze hapa Reuben mtungi wa maji utashukaje bei, na pesa atazitoa wapi.